Kichanganuzi Kikilia: Kutatua Maonyo ya Uongo Katika Ukaguzi wa Msimbo wa C

Karakana yetu iko Ngamiani, Tanga, juu ya duka la fundi baiskeli. Tunaandika kwa lugha ya C programu ya kifaa kidogo kinachopima kina cha maji. Kihisi kimefungwa kwenye nguzo kule Sahare, kinasoma maji yakijaa na kupwa, kisha kinatuma namba ambayo wavuvi huitazama kabla ya kutoa au kuingiza chombo. Namba ikikosewa wakati wa bamvua, chombo hukwama mchangani mpaka maji yarudi. Ndiyo maana kila badiliko la msimbo linapitia macho ya watu wawili na jicho la mashine, yaani kichanganuzi: programu inayousoma msimbo bila kuuendesha, ikitafuta njia ambazo mambo yanaweza kuharibika.

Jicho hilo hulia sana, na mara nyingi hulilia kosa ambalo halipo. Hilo ndilo tunaloliita onyo la uongo. Usitegemee kupata kichanganuzi kisicho nalo. Mwaka 1953 mwanahisabati Henry Gordon Rice alichapisha uthibitisho kwamba hakuna programu inayoweza kujibu kwa uhakika, kwa programu zote, maswali ya maana kuhusu tabia zao. Basi mtengenezaji wa kichanganuzi hana budi kuchagua: kinyamaze penye kosa, au kilie pasipo kosa. Vingi tunavyovitumia hufanya yote mawili kwa kiasi.

Wazee husema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mimi naamini hata onyo la uongo lina jambo lake: kuna kitu unachokijua wewe ambacho msimbo haukisemi. Kukitafuta kitu hicho ndiyo kazi yote iliyo hapa chini.

Kabla ya dalili yoyote: taja hatua isiyowezekana

Clang Static Analyzer, mojawapo ya vichanganuzi vyetu, hukupa njia nzima kwa namba: hatua ya 1 sharti hili lilikuwa si kweli, hatua ya 2 kitanzi kilirukwa, hatua ya 3 pointa (kigeu kinachobeba anwani ya kumbukumbu; ikiwa NULL, haielekezi popote) ikatumika. GCC nayo, ambayo ni kompaila, yaani programu inayokusanya msimbo na kuugeuza uwe lugha ya mashine, ukiiwasha kwa `-fanalyzer` (ipo tangu toleo la 10, mwaka 2020), hukuchorea njia hiyo hiyo. Watu wengi husoma mstari wa mwisho tu, wakabishana nao. Soma kuanzia juu.

Kijana mmoja wa karakana alinijia siku moja.

"Kaka, hili ni la uongo, nalizima."

"Hatua ipi haiwezekani, mdogo wangu?"

"Hii ya pili. Hapa pointa haiwezi kuwa NULL."

"Nani anayeizuia?"

Akafikiri, akasema mwitaji ndiye anayeikagua kabla. Nikamwomba anioneshe. Funksheni ile ilikuwa inaitwa kutoka sehemu tatu. Mbili zilikuwa zinakagua. Ya tatu, iliyoongezwa wiki ile ile, haikukagua chochote.

Kwa hiyo kanuni yetu ya ukaguzi ni hii: anayesema onyo ni la uongo anataja namba ya hatua isiyowezekana, na anataja mstari wa msimbo unaoizuia. Asipoweza kuvitaja vyote viwili, onyo ni la kweli mpaka ithibitike vingine. "Haijawahi kutokea" haihesabiki kuwa mstari wa msimbo.

Dalili: linalalamikia NULL ingawa umeshaizuia

Chanzo cha kawaida ni funksheni yako mwenyewe ya kusimamisha programu. Umeandika `if (!p) simamisha("p haipo");` na wewe unajua `simamisha` hairudi kamwe. Kichanganuzi hakijui, hasa ikiwa mwili wake uko kwenye faili jingine. Kinadhani itarudi, kinaendelea na njia, kinakuta `p->urefu`, kinalia.

Tiba yake ni kukiambia. Weka `_Noreturn` kwenye tangazo lake ndani ya heda, yaani faili la matangazo (C11, toleo la lugha ya C la mwaka 2011), au `[[noreturn]]` ukiwa na C23, au `__attribute__((noreturn))` kwa kompaila za zamani. Mstari mmoja huo ulituondolea maonyo mengi kwa mpigo.

Chanzo cha pili ni `assert`, amri inayosimamisha programu sharti lake lisipotimia, na hapa naomba uende polepole. `assert` hutoweka kabisa msimbo ukikusanywa na `-DNDEBUG`. Ukiendesha kichanganuzi bila `NDEBUG`, kinaiona kinga na kinanyamaza. Ukiendesha nayo, kinga haipo na kinalia. Mtu huona tofauti hiyo akasema kimechanganyikiwa. Hakikuchanganyikiwa. Kimekueleza kwamba una programu mbili, na swali ni ipi uliyoifunga nguzoni. Sisi tuliyoifunga ilikuwa na `-DNDEBUG`. Onyo lilikuwa la uongo mezani na la kweli baharini.

Tangu hapo tumegawa: `assert` ni ya ahadi ambazo msimbo wetu unajiwekea wenyewe, kama vile "foleni hii haiwi tupu tukifika hapa". Chochote kitokacho nje, kwenye kihisi, kwenye mtandao, kwenye kadi ya kumbukumbu, kinakaguliwa kwa `if` ya kawaida isiyotoweka.

Dalili: "unakagua pointa baada ya kuitumia"

Onyo hili hutupwa kirahisi kuliko yote, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Tazama:

```c
int soma_kina(struct kipima *k)
{
    struct chaneli *c = k->chaneli;

    if (!k)
        return -1;
    return c->thamani;
}
```

Mkaguzi aliyechoka husema: ukaguzi upo, umechelewa mstari mmoja tu, hakuna madhara. Madhara yapo. Kwa sheria za C, kuitumia pointa iliyo NULL ni tendo lisilo na maana iliyofafanuliwa, hivyo kompaila ikishaona `k->chaneli` ina ruhusa ya kuamini kwamba `k` si NULL. Ikishaamini hivyo, `if (!k)` haina kazi, na inaifuta. Kinga uliyoiandika kwa mkono wako haimo kwenye faili la mwisho.

Jambo hili lilitokea kweli ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwaka 2009, kwenye faili la `tun.c`. Mstari wa juu ulichukua `tun->sk`, mstari uliofuata ukauliza kama `tun` ni NULL. GCC ikaufuta ukaguzi. Washambuliaji waliweza kuweka kumbukumbu yao kwenye anwani sifuri na kupata mamlaka ya keneli nzima. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2009-1897. Baada ya hapo keneli ilianza kukusanywa na `-fno-delete-null-pointer-checks`.

Kwa hiyo kuna majibu mawili tu. Ama `k` inaweza kuwa NULL, basi peleka ukaguzi juu. Ama haiwezi, basi ufute ukaguzi, kwa sababu unamdanganya msomaji ajaye. Kuliacha lilivyo na kulinyamazisha si jibu la tatu.

Dalili: "kigeu hakikupewa thamani", na wewe unaona kimepewa

Kwanza angalia kiwango cha uboreshaji. `-Wmaybe-uninitialized` ya GCC hutegemea uchambuzi unaofanywa wakati wa kuboresha msimbo, hivyo onyo linaweza kuwepo kwa `-O2` na kutokuwepo kwa `-O0`, au kuhama ukibadilisha toleo la kompaila. Chagua kiwango kimoja kwa ukaguzi, kile kile cha kifaa, na usilinganishe matokeo ya kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti.

Likibaki, mara nyingi utakuta masharti mawili yanayokwenda pamoja kichwani mwako tu. Huu ni msimbo wetu, nimeufupisha:

```c
int data_ipo; /* huwekwa na funksheni ya katizo */

void mzunguko(void)
{
    int kina;

    if (data_ipo)
        kina = soma_kihisi();
    lisha_mlinzi();
    if (data_ipo)
        hifadhi(kina);
}
```

Kichanganuzi kilisema: hatua ya 1, `data_ipo` ni sifuri, hatua ya 2, `lisha_mlinzi` inaitwa, hatua ya 3, `data_ipo` si sifuri, hatua ya 4, `kina` kinatumika kikiwa takataka. Sababu yake ilikuwa wazi. `lisha_mlinzi`, ile inayoiambia saa ya ulinzi kwamba programu bado hai, iko kwenye faili jingine, na `data_ipo` inafikiwa na kila mtu. Kichanganuzi hakiwezi kuapa kwamba funksheni kisiyoiona haikuigusa.

Tuliifungua `lisha_mlinzi`. Ilikuwa na mistari miwili, na haikuigusa `data_ipo`. Tukaandika "onyo la uongo", tukalizima, tukaendelea.

Baadaye kifaa kikaleta kina cha mita 41 pale Sahare. Kila aliyewahi kusimama kwenye nguzo ile anajua maji hayo hayapo. Ilikuwa namba moja kati ya maelfu, na zilizofuata zilikuwa sawa. Tukashuku kihisi, tukashuku nyaya, tukashuku chumvi. Kulipokucha siku ya tatu dada mmoja tunayefanya naye kazi akafungua orodha ya maonyo tuliyoyazima, akaisoma moja moja kwa sauti, na alipofika hili akanyamaza. `lisha_mlinzi` haikuigusa `data_ipo`, ni kweli. Lakini katizo la maunzi, yaani maunzi yanapoisimamisha programu kwa muda ili yashughulikiwe kwanza, linaweza kuingia wakati wowote, hata katikati ya mistari ile miwili, na katizo ndilo hasa linaloiweka. Sharti la kwanza linaikuta sifuri, katizo linaingia, sharti la pili linaikuta moja. Kichanganuzi kilimshuku asiyehusika, lakini mahali kilipoonesha kidole ndipo palipokuwa na kosa. Lisemwalo lipo.

Tangu siku ile nikiona hatua isiyowezekana sijiulizi tu kama yule aliyetajwa anaweza kuifanya. Najiuliza nani mwingine anayeweza: katizo, uzi mwingine wa utekelezaji, ishara ya mfumo, maunzi yenyewe.

Marekebisho yalikuwa haya, pamoja na kuitangaza `data_ipo` kuwa `volatile sig_atomic_t` (`volatile` huilazimisha kompaila isome au iandike thamani kila mara, bila kuruka):

```c
    int ipo = data_ipo;     /* nakala moja, uamuzi mmoja */

    lisha_mlinzi();
    if (ipo) {
        int kina = soma_kihisi();
        hifadhi(kina);
    }
```

Onyo likaondoka lenyewe, bila mtu kulizima.

Naomba uangalie tulichokikataa. Njia ya mkato ilikuwa kuandika `int kina = 0;` pale juu. Onyo lingeondoka hapo hapo. Lakini sifuri ni kina halali, maji yakipwa sana nguzo ile hubaki kwenye mchanga. Tungeigeuza mita 41, ambayo kila mtu anaiona ni kosa, kuwa sifuri ambayo hakuna atakayeishuku. Keneli ya Linux ilikuwa na makro ya aina hii, `uninitialized_var()`, iliyowekwa kwa ajili ya kunyamazisha kompaila. Mwaka 2020 iliondolewa yote, kwa sababu ilikuwa inaficha makosa halisi pamoja na yale ya uongo.

Dalili: linadai kumbukumbu imevuja, kumbe umeikabidhi

Umeomba kumbukumbu kwa `malloc`, ukaiunga kwenye orodha, orodha ndiyo itakayoiachia. Kama unapitisha anwani ya kiungo kilicho ndani ya muundo (`&n->kiungo`) badala ya `n` yenyewe, baadhi ya vichanganuzi hupoteza uzi wa nani mwenye mali.

Kwa funksheni zenu wenyewe za kutoa na kuachia kumbukumbu, zitambulishe. Kuanzia GCC 11 unaweza kuitaja mwachiaji kwenye tangazo la mtoaji: `__attribute__((malloc(achia_kipima)))`. Cppcheck, kichanganuzi kingine, ina mafaili ya maktaba yenye kiambishi `.cfg` ambamo unaandika jozi hizo; mengine yapo tayari, kama ya POSIX, unayaita kwa `--library=posix`. Kabla ya hapo lakini, tazama njia za makosa: je, kuunga kukishindwa katikati, nani anaachia? Kwa uzoefu wangu hapo ndipo uvujaji wa kweli hujificha, nyuma ya uvujaji wa uongo ulio mstari wa jirani.

Dalili: mamia ya maonyo, yote yanafanana

Usisome hata moja. Kichanganuzi hakijauona mradi wako. Hakina heda, au hakina `-D` za mipangilio yako, kinabahatisha matawi ya `#ifdef` ambayo kifaa chako hakiyatumii. Toa `compile_commands.json`, faili linaloorodhesha jinsi kila faili linavyokusanywa, kutoka kwenye mfumo wako wa kukusanya msimbo, ukipe cppcheck kwa `--project=compile_commands.json`, kisha anza upya. Yatakayobaki ndiyo ya kusoma.

Dalili: "thamani imeandikwa lakini haisomwi"

Kama ni rejista ya maunzi, tangazo lake limekosa `volatile`, na hilo ni kosa lako, si la kichanganuzi. Kama ni `memset` ya kufuta nenosiri kabla funksheni haijaisha, onyo ni la kweli kwa namna ya kutisha: kompaila nayo imeona haisomwi, na inaweza kuifuta `memset` hiyo, nenosiri likabaki kumbukumbuni. C23 imeleta `memset_explicit` kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye Linux na BSD kuna `explicit_bzero`.

Dalili: onyo limeondoka, lakini huna raha

Tegea sikio hisia hiyo. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa siri) kule Debian (mfumo mmojawapo wa Linux) alikuwa anashughulikia maonyo kuhusu kumbukumbu isiyopewa thamani. Maonyo yale yalitoka kwenye zana inayochunguza programu ikiwa inaendeshwa, tofauti na kichanganuzi chetu, lakini mtego ni ule ule. Mistari miwili iliyofanana iliondolewa. Mmoja ulikuwa kweli unachukua kumbukumbu ya takataka, na kuuondoa hakukudhuru. Mwingine ndio uliokuwa unaingiza bahati nasibu yote ya kweli kwenye hodhi la kutengenezea funguo. Kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768. Funguo zilitengenezwa hivyo karibu miaka miwili, mpaka tangazo la tarehe 13 Mei 2008.

Mtunzaji yule hakuwa mzembe. Aliuliza wenzake kabla ya kugusa. Ninalolichukua mimi ni hili: maonyo yalikuwa ya aina moja, tiba ikapakwa mahali pawili kwa sababu mistari ilifanana. Ukizima au kurekebisha, fanya mahali pamoja, kwa sababu ya mahali hapo, na kila pengine paombe ruhusa yake.

Kwa vitendo, tukifika mahali ambapo onyo kweli ni la uongo na msimbo hauwezi kusemwa vizuri zaidi, tunalizima juu ya mstari huo huo, kamwe si kwa faili zima:

```c
/* Haiwezekani hatua ya 3: anzisha() hukataa n == 0,
   tazama kipima.c, sharti la kwanza la anzisha(). */
// cppcheck-suppress zerodiv
wastani = jumla / n;
```

Cppcheck hutii maandishi hayo ukiipa `--inline-suppr`. Ongeza na `--enable=information`, ikuambie kizimio kipi hakifanyi kazi tena, kwa maana msimbo umebadilika na onyo lililokuwa hapo halipo. Vizimio vilivyokufa tunaving'oa. Kikibaki, siku moja kitalinyamazisha onyo jipya lililo la kweli, kwenye mstari ule ule.

Aliyeandika msimbo haruhusiwi kulizima onyo mwenyewe. Anaandika sababu, mwingine anaisoma, anaufungua ule mstari uliotajwa kuwa kinga, na ndipo anaweka jina. Inachukua kama dakika kumi. Wageni hulalamika mwanzoni.

Dalili: mmebishana na hamkubaliani

Tunajipa nusu saa. Ikipita, na bado hakuna aliyetaja hatua isiyowezekana kwa namna ambayo mwenzake ameielewa, tunaacha kubishana kuhusu onyo, tunaikata funksheni vipande viwili au vitatu. Mara nyingi onyo huondoka kwa kukatwa tu, maana masharti yaliyokuwa mbalimbali yamekaa pamoja. Na mara nyingine, vipande vikiwa mezani, yule aliyekuwa anabisha zaidi ndiye anayeliona kosa kwanza.